Maswali ninayoulizwa barazani kuhusu kuzunguka chuo cha ng'ambo

Tangu nirudi Amu (Lamu) kutoka London, halipiti juma bila mtu kunisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, au kunitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba akiulizia mambo ya chuo. Wengi ni vijana wa hapa na wa Malindi waliokwisha kupata barua za kukubaliwa. Wengine ni mama zao, na hao ndio wenye maswali magumu. Nimechoka kurekodi jibu lilelile, basi nimeyaandika.

Nilisomea afya ya jamii, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, katika chuo kimojawapo cha mtaa wa Bloomsbury, katikati ya London. Chuo changu sikitaji jina, kwa sababu huko mbele nitakiteta kidogo, na si adabu kumteta hadharani aliyekulisha. Vile vya jirani nitavitaja.

Kwani chuo ni kikubwa kiasi gani hata mtu mzima apotee?

Sisi neno chuo tulilijua kwanza mkekani: chumba kimoja, mlango mmoja, mwalimu na bakora yake, alifu be te. Ukikua ukaenda Kilifi au Nairobi, chuo kinakuwa geti, askari na ua. Ukivuka geti uko ndani, ukitoka uko nje, hakuna mjadala.

Bloomsbury haina geti. University College London kilichoanzishwa 1826, Birkbeck cha 1823, SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, cha 1916, chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto kilichoko Keppel Street, na Senate House yenye maktaba kuu ya University of London, vyote hivyo unavizunguka kwa miguu ndani ya nusu saa. Kati yao zimepita barabara za mji, hoteli, hospitali, maduka ya vitabu na nyumba za watu wanaoanika nguo zao dirishani. Siku ya kwanza nilimsimamisha bwana mmoja mwenye mkoba nikamuuliza kampasi inaanzia wapi. Akatazama huku, akatazama kule, akaniambia nimesimama ndani yake.

Kwa hivyo kinachokupoteza si ukubwa. Ni kwamba hakuna kitu kinachokwambia umeingia.

Basi nianzie wapi?

Kwa miguu, na kabla masomo hayajaanza. Wiki ya kuwakaribisha wageni, mwishoni mwa Septemba, imejaa hafla, pitsa za bure (uliza kwanza juu yake mna nini) na watu wa kukupa kalamu na mifuko. Nenda. Lakini usidhani umeonyeshwa chuo. Matembezi rasmi tuliyopelekwa yalichukua dakika arobaini, sote thelathini nyuma ya kijana mmoja aliyetembea kinyumenyume, na nilitoka nikijua mlango mmoja tu, wa choo.

Mtoto wa Amu hapotei mtaa wa Mkomani kwa sababu vichochoro vinateremkia baharini, na kabla ya kufika baharini vinakatwa na Usita wa Mui. Ukizidiwa, fuata mteremko tu. London haina bahari ya kufuata, nikatafuta mnara, kama nahodha anavyotazamia mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela. Nikaupata. Senate House ni jengo jeupe la mawe, urefu wake mita 64, lilimalizika 1937, na ukiinua macho popote mtaani kuna uwezekano mkubwa utaliona juu ya mapaa. Nikajiwekea kanuni: mnara ukiwa kushoto na miti ya Russell Square ikiwa kulia, mbele yangu ni SOAS. Nikigeuka nikarudi nyuma, ninakwenda British Museum. Russell Square yenyewe nikaifanya Mkunguni yangu, ule uwanja wetu wa mbele ya ngome. Kila nilipochanganyikiwa nilirudi pale, nikakaa benchini, nikaanza upya.

Siku ya pili chukua ratiba yako ya masomo uende ukavitafute vyumba vyote, kimoja kimoja. Fungua mlango uchungulie, uone meza zimepangwaje na choo kiko wapi. Utajiona mjinga. Jumatatu utakuwa wa kwanza kukaa, na wenzako wanaingia wakihema.

Ratiba imeandika B04 na G11. Hivyo ni vyumba au viti vya ndege?

B ni ghorofa ya chini ya ardhi, G ni ile ya usawa wa barabara. Ghorofa ya 1 ni ya kwanza kupanda, sawa na kwetu.

Herufi hazina tabu. Tabu ni kwamba chuo kikikosa nafasi hukodi ukumbi kwa jirani. Changu kiliuhamisha mhadhara wetu wa Jumanne kwenda jengo la chuo kingine, na taarifa ikatumwa kwa baruapepe saa moja kabla. Mimi nilikuwa ninatembea, simu iko mfukoni. Nikaingia chumba kilekile cha juma lililopita, nikakaa mbele kabisa, na mwalimu nisiyemjua akaanza kufundisha bima ya meli. Adabu ikanizuia kunyanyuka. Nilikaa mpaka mwisho, na nilitoka ninaijua bima ya meli kuliko ami zangu wenye majahazi. Soma baruapepe ya chuo kila asubuhi, na tena kabla ya kutoka chumbani.

Dada, saa za kule nitazoea?

Saa za ukutani zitakukomesha kwanza. Mwalimu wangu aliniambia kwa Kiingereza tuonane ofisini kwake "three", na kichwa changu kikasikia saa tatu. Nilifika saa tatu asubuhi, nikakaa sakafuni nje ya mlango wake. Mwenyewe alikuwa akinisubiri saa tisa mchana. Tangu siku hiyo simu yangu ina saa za tarakimu 24, na hesabu nimeacha kuifanya kichwani.

Kuna jambo la pili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao zinarudishwa nyuma, na Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele. Wakati wa baridi Kenya inawatangulia kwa saa 3, wakati wa joto kwa saa 2. Ukisahau, utamwamsha bibi yako usingizini.

Ni kweli jua linatua saa kumi?

Mwezi wa Desemba, ndiyo. London jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni kutimia. Unaingia maktaba mchana, unatoka usiku, na hujala hata chakula cha mchana. Juni mambo hugeuka: jua linatua saa tatu na zaidi usiku na watu wamelala kwenye nyasi kama mchana. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambao saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hili linatupiga mwilini kuliko baridi yenyewe. Kwa hiyo yote unayotaka kuyaona kwa macho, bustani, michoro ya mawe, majengo, yaone Oktoba. Ukingoja upate nafasi, nafasi itakuja na giza.

Baridi nayo ina dawa, sweta. Nunua mitumba hapahapa Malindi au Mombasa mbili tatu za kuanzia, koti kubwa nunua kule. Viatu visivyoingiza maji ni muhimu kuliko koti.

Nitaswalia wapi, na kibla nitakijuaje?

Vyuo vingi vya pale vina chumba cha sala, na jumuiya za wanafunzi Waislamu zitakuonyesha kabla hujauliza mara ya pili. Ijumaa huwa kunabanana. Msikiti mkuu wa London uko kando ya Regent's Park, una kuba la dhahabu, unafikika kwa basi.

Kibla sasa. Kwetu kibla ni kaskazini, na tumezoea hata kumwelekeza mtu njia kwa kumwambia apinde upande wa kibla. Kule ni kusini-mashariki. Chumba changu cha bweni kilikuwa na dirisha linalotazama kaskazini, na mwili wangu wenyewe ukaelekea dirishani. Nilikwisha kufunga sala ndipo nikakumbuka kwamba Makka nimeipa mgongo. Ikabidi nianze tena.

Wakati wa Desemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni. Ukiwa na mihadhara miwili mfululizo hapo katikati, panga mapema. Mimi nilimweleza mwalimu mapema, nikawa ninakaa karibu na mlango ili nitoke bila kuwasumbua wenzangu. Udhu kwenye sinki ni kazi, utalowesha sakafu yote, basi beba chupa ndogo ya maji. Chupa hiyohiyo itakufaa chooni, maana vyoo vyao ni vya karatasi tu. Hakuna anayetaka kuuliza swali hili, na kila mtu anahitaji jibu lake.

Mimi ni wa Amu, magari siyajui. Nitavukaje barabara?

Usicheke, hili ni swali la kweli. Aliyekulia Mombasa haelewi, lakini mimi nilifika umri wa shule ya upili sijawahi kuvuka barabara yenye taa. Bahati yetu Waingereza nao huendesha upande wa kushoto, kama Kenya, kwa hivyo unatazama kulia kwanza, na mara nyingi wamekuandikia hivyo chini kwenye lami. Ngoja mtu wa kijani.

Gari utaliona na utalisikia. Ogopa baiskeli. Torrington Place ina njia yao maalumu na wanapita kasi, kimyakimya, wengine wamevaa nguo nyeusi. Punda wa kwetu angalau ana mtu nyuma anayepiga kelele "Simile! Simile!" Mwenye baiskeli wa London anapiga kengele akiwa tayari yuko juu ya kisigino chako.

Usisimame ukingoni mwa barabara na simu mkononi ukisoma ramani. Kuna vijana wa baiskeli na pikipiki ambao kazi yao ni kuzinyakua. Ingia ndani ya mlango wa duka, soma ramani, kisha utoke.

Na wenye buibui: kwenye ngazi zinazotembea za treni za chini, kusanya pindo mkononi kabla hujakanyaga. Simama kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka, nao hawana subira.

Nauli je?

Uwanja wa Heathrow una treni ya njia ya Piccadilly inayokufikisha Russell Square moja kwa moja, kama saa nzima. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, ni kadi tu. Wakati wangu basi lilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unapanda jingine bila kulipa tena. Wanafunzi wana kadi yao ya punguzo, iombe wiki ya kwanza. Lakini ndani ya Bloomsbury yenyewe atakayepanda basi ni mgonjwa au mvivu.

Kadi yangu ya chuo itanifungulia majengo ya wenzangu?

Mengi hapana. Lakini maktaba, ndiyo, ukijiandikisha. Kuna mpango wa vyuo vya Uingereza kuwaazima wenzao maktaba, unaitwa SCONUL Access, unaomba kwenye tovuti na kwa kawaida unajibiwa kwa baruapepe. Wanafunzi wachache sana wa kwetu wanaujua. Maktaba ya chuo changu wakati wa mitihani ilikuwa kama jeti ya Mokowe siku ya sikukuu, watu wamewekea viti makoti yao na wenyewe hawapo. Mimi nikahamia kwa jirani, ghorofa ya juu, dirishani, na hakuna aliyenikuta.

Jengo la maktaba ya SOAS, lililofunguliwa 1973, limejengwa ngazi kwa ngazi kuzunguka uwazi mkubwa katikati, hata ukiwa juu unamwona aliyesinzia chini. Kama unasoma Afrika au Asia, utaishi humo.

Ni vitu gani vya kuona ambavyo mtu angevipita tu?

Hapa ndipo ninapoweza kukukalisha mpaka alfajiri.

Nenda Keppel Street, simama mbele ya chuo cha magonjwa ya nchi za joto, jengo la 1929, utazame vibaraza vidogo vya madirisha. Wamevipamba kwa wadudu na wanyama waletao maradhi, wamepakwa dhahabu: kiroboto, panya, nyoka, na mbu. Mbu wa dhahabu! Nilisimama pale nikacheka peke yangu barabarani. Sisi mbu amewala watoto wetu miaka na miaka, tunampiga kofi ukutani, kumbe kuna mahali amepewa dhahabu kama bibi harusi. Kisha ukikumbuka ni watu wangapi duniani wamesoma ndani ya jengo lile namna ya kumwangamiza, unaona basi, na apewe.

Nenda University College London ukamwone Jeremy Bentham. Huyu alikuwa mwanafalsafa, akafa 1832, na wasia wake ulikuwa asizikwe. Mifupa yake imevishwa nguo zake mwenyewe, juu wamemwekea kichwa cha nta, na ameketi kitini ndani ya sanduku la kioo. Tangu 2020 yuko katika jengo la wanafunzi, watu wanampita na kahawa zao mkononi. Mimi nilisema inna lillahi nikaondoka. Juma lililofuata nilirudi kumtazama tena, sijui kwa nini.

Tavistock Square ina sanamu ya Gandhi ya 1968, amekaa chini miguu ameikunja, na watu humwachia maua. Yeye alisomea sheria hapo University College. Ukishuka kusini kama dakika ishirini utafika London School of Economics, alikosoma Jomo Kenyatta miaka ya 1930. Mzee alikuwa na miaka kama arobaini hivi, kwa hivyo wewe unayeniandikia kwamba una miaka ishirini na tisa na unaona haya kurudi darasani, soma sentensi hiyo tena.

British Museum haina kiingilio. Usijaribu kuimaliza siku moja, utapata kichwa. Mimi nilikuwa ninaingia nusu saa tu, kati ya vipindi, chumba kimoja, kisha ninatoka. Mvua ikinikuta njiani ninaikatiza kwa ndani, mlango wa Montague Place mpaka wa Great Russell Street, nimefika upande wa pili mkavu.

Tutakula nini?

Maziwa ya nazi yako, ya kopo. Unga wa sima uko kwenye maduka ya Waafrika, muhogo na ndizi mbichi utavipata soko la Brixton au Shepherd's Bush. Nguru utamkuta Whitechapel, ameganda barafu, bei yake itakufanya umkumbuke mvuvi wako kwa heshima. Mahamri pika mwenyewe, lakini kiweke kwanza king'ora cha moshi akilini mwako: ukikaanga na mlango wa jikoni wazi, bweni zima litatolewa nje kwenye baridi. Ilinitokea. Watu themanini na nguo za kulalia, na mimi nimeshika sahani.

Mchana nje ya SOAS huja watu wa Hare Krishna na mkokoteni wao wa chakula cha mboga, wanawapakulia wanafunzi bure. Foleni ndefu, na ndipo nilipopata marafiki zangu wawili wa kwanza. Alhamisi pana soko la wakulima Torrington Square, la kuangalia zaidi kuliko kununua.

Mwanangu, binti yangu atakaa peke yake huko. Hatari haipo?

Mama, hatari ipo kama kila mji mkubwa. Ila mtaa wenyewe wa vyuo una taa, una watu mpaka usiku na una walinzi, na vyumba vya wanafunzi vinafungwa kwa kadi. Mwambie achague bweni la kutembea kwa miguu hata kama ni ghali kidogo kuliko la mbali, kwa sababu akitoka maktaba saa nne usiku hatokuwa na haja ya kubadilisha treni mbili. Ajue njia moja ya usiku, yenye maduka yaliyo wazi, aifuate hiyohiyo. Mimi yangu ilizunguka dakika sita zaidi na sikuiacha mwaka mzima.

Upweke ndio ungekutia wasiwasi zaidi, mama. Kule mtu anaweza kukaa mlango kwa mlango na mwenzake mwaka mzima asijue jina lake. Mimi siku ya kwanza niliwaamkia watu wote ngazini, mmoja mmoja, habari za asubuhi, umelalaje. Walinijibu kwa kutabasamu kama mtu aliyeulizwa deni. Mwambie asivunjike moyo, aamkie tu. Mwezi wa pili walikuwa wao wananianza.

Nikiugua?

Ada ya afya unailipa pamoja na viza, kwa hivyo usiugulie chumbani. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, ukiwa mzima. Dharura ni 999, ushauri ni 111.

Naweza kufanya kazi?

Wa shahada, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usizidishe hata moja, viza haina mchezo.

Mimi niko Malindi, naondoka mwezi ujao. Naweza kuijua kampasi nikiwa hapahapa?

Unaweza sana. Fungua ramani ya Google yenye picha za barabarani, jiweke kituo cha Russell Square, utembee kwa kidole mpaka mlango wa chuo chako. Fanya hivyo mara kumi, usiku bando likiwa rahisi. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kwa shangazi yangu Malindi, na siku nilipofika kwa kweli nililitambua duka la pembeni kwa rangi yake. Ramani haikuniambia tu kwamba njia ile ina upepo wa kukutoa machozi.

Kiswahili nitasema na nani?

SOAS wanakifundisha, kwa hivyo utakutana na Mjerumani au Mkorea anayekuuliza ngeli ambazo wewe mwenyewe hujawahi kuzifikiria. Wakenya na Watanzania wapo tele. Kilichonishangaza mimi ni Wabarawa. London ina jamii kubwa yao, waliokimbia vita Somalia, na Chimiini, lugha yao, ni ndugu wa Kiamu. Nilikuwa ndani ya basi la kwenda kaskazini, bibi wawili nyuma yangu wanateta, na nikajikuta ninaelewa nusu ya maneno kabla ya kutambua si Kiingereza. Nikageuka nikawatolea salamu. Nilishuka kituo cha saba baada ya changu, nina anwani ya nyumba na amri ya kwenda kula Jumapili.

Nimesikia hati za zamani za Amu ziko London. Ni kweli?

Ni kweli, na kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili.

SOAS wanahifadhi hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi kutoka pwani hii yetu. Kati ya walioziandika yumo Muhamadi Kijuma, wa hapahapa Amu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, aliyefariki 1945. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakimwandikia awanakilie tenzi, naye anawatumia. William Hichens alikuwa mmoja wao, na karatasi zake ziko pale. Nyingine zilikwenda Ujerumani na Ernst Dammann, aliyekaa Amu miaka ya 1930. Nyingi sasa zimepigwa picha na zinaonekana kwenye tovuti ya SOAS hata ukiwa mtaani Langoni hapa Amu, lakini karatasi ni karatasi.

Unaomba mapema, unaambiwa siku. Mkoba na koti unaviacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Wanakuletea sanduku, wanakuwekea mto wa sponji wa kulaza karatasi, na uzi mzito wenye madini ya risasi ndani wa kushikilia ukurasa usijikunje. Wenzangu mezani walikuwa na miwani ya kukuzia na kamusi mbili mbili. Mimi nilikuwa na yale niliyofundishwa mkekani nikiwa na miaka sita. Mistari imenyooka kama imepigwa rula, wino bado mweusi. Nikaanza kusoma beti, nikakuta "nti" (nchi) na "mui" (mji), maneno ya jikoni kwetu, na bila kujua nikawa ninaimba. Tenzi nazo hazisomwi kimya, nani alishawahi kuzisoma kimya? Msimamizi akaja kwa kunyata, akainama, akaniomba nipunguze sauti. Kisha akabaki amesimama. Akaniuliza kama ningeweza kumsomea beti moja tu nje, wakati wa mapumziko, kwa sababu ameyabeba masanduku yale kwa miaka na hajawahi kusikia ndani mna sauti gani.

Tulikwenda nje, tukasimama karibu na baiskeli. Nilimsomea beti nne.

Mama yangu hatofika huko kamwe. Nitamwonyeshaje?

Kwa simu ya video, mchana wa kule, na uchaji kwanza. Mimi nilimtembeza mama mzunguko mzima siku ya Jumamosi: mnara, maktaba, mbu wa dhahabu, Gandhi. Bentham nilimruka. Yeye alikuwa amekaa sebuleni na majirani watatu, kila mmoja anataka kushika simu. Waliuliza milango yao mbona haina nakshi. Waliuliza yule mtu analala kwenye nyasi ana nini. Nikawazungusha zaidi ya nusu saa mpaka mkono ukafa ganzi, nikamaliza, nikauliza kama kuna wasichokiona.

Mama akasema, "Umetuonyesha milango na ngazi. Sasa hawa watu jioni wakaa wapi?"

Nikaigeuza simu kuelekea lile benchi la Russell Square.